Mtumbwi wa kasia katika Ghuba ya Mabamba: unacholipia na unachopaswa kudai

Wageni wengi wanaokwenda Mabamba huipima safari yao kwa ndege mmoja. Wakimwona bulwe, yaani korongo-nyangumi, safari imefaulu. Wakimkosa, pesa imepotea. Kipimo hicho hakiitendei haki huduma yenyewe. Kinachouzwa pale mwaloni, mahali pa kupandia mitumbwi, ni saa mbili au tatu za kukaa ndani ya ghuba iliyo hai, kwenye chombo chembamba kinachopenya katikati ya mafunjo na yungiyungi, pamoja na mwenyeji anayejua kila mfereji unatokea wapi. Ukiitazama hivyo, hatujui huduma ya majini iliyo bora kuliko hii karibu na Kampala, mradi uichukue kwa kasia na ujue mambo ya kudai kabla hujapanda.

Ghuba iko magharibi ya rasi ya Entebbe, kwenye Ziwa Viktoria, katika wilaya za Wakiso na Mpigi, Uganda. Tarehe 15 Septemba 2006 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo lake likiwa hekta 2,424. Lakini Mabamba si hifadhi ya taifa. Haina uzio wala lango. Kanuni za mwaka 2000 zinazohusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria, na ni kanuni nzuri, ila aliyeko majini alfajiri kila siku ni mvuvi na mpiga kasia. Yeye ndiye anayeona nani amechoma mafunjo na nani ametega wavu wa macho madogo. Kwa hiyo namna unavyolipia mtumbwi, na unamlipa nani, ni sehemu ya ulinzi wa ghuba hii.

Uhusiano wa wavuvi na bulwe haukuwa mzuri tangu mwanzo. Iliaminika kwamba mvuvi akikutana naye asubuhi atarudi bila samaki, na ndege wengi walifukuzwa au kuuawa kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba wote wawili wanamfuata samaki aitwaye kamongo, na wanamfuata mahali pamoja. Kilichobadilisha mambo ni kipato: bulwe aliye hai akaanza kuleta wageni, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakawa waongozaji. Shilingi ya mgeni ikiacha kufika mwaloni, hesabu hiyo inaweza kugeuka tena.

Kufika kuna njia mbili. Ya barabara: kutoka Kampala unashika barabara ya Masaka hadi Mpigi, kisha unakunja kushoto kwenda Kasanje, au unatoka barabara ya Entebbe pale Kisubi, unapita Nakawuka mpaka Kasanje. Kutoka Kasanje boda boda wanaijua njia ya mwaloni. Ya majini: unapanda mashua ya injini pale Nakiwogo, Entebbe, mwalo uleule inakotokea feri ya kwenda Lutoboka katika visiwa vya Ssese, na kwa mashua ya kukodi unavuka kwa muda unaokaribia saa moja.

Sisi tunapendekeza barabara. Ukivuka kutoka Nakiwogo unapita maji yaliyo wazi, na kishawishi ni kikubwa cha kuingia na mashua ileile ya injini hadi ndani ya mafunjo ili kuokoa muda. Ukilazimika kupita huko, dai mambo mawili. Kwanza, ukifika Mabamba uhamie mtumbwi wa kasia wa hapo, ulipie hapo, na upate stakabadhi. Pili, kabla ya kuondoka Nakiwogo nahodha ainue injini na kutoa kila kipande cha gugu maji kilichonasa kwenye panga la injini na kwenye kamba. Gugu hili huzaa kwa vipande; shina moja lenye mizizi linatosha kuanzisha zulia jipya, na kukiwa na joto na uchafu wa kulirutubisha, zulia hilo linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki chache. Lilionekana katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1995 wadudu jamii ya fukusi wa jenasi ya Neochetina waliachiliwa ili kulila. Walisaidia sana, lakini gugu halijaisha, na mashua ndiyo gari lake la bure kutoka ghuba moja hadi nyingine.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Usiku hewa ya nchi kavu hupoa na kushuka kuelekea ziwani. Inapokutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya radi huumuka, na asubuhi mengine husogea mpaka pwani ya Entebbe na Kampala. Mchana upepo hugeuka, ukatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawimbi huinuka. Kati ya hali hizo mbili kuna muda mwembamba wa maji tulivu. Uwe mwaloni kabla ya saa moja asubuhi, tazama anga upande wa kusini, na kama ni safi ondokeni mapema, mkipanga kurudi kabla ya saa tano. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usipange kitu kingine cha lazima siku hiyo, maana kusubiri ni sehemu ya safari. Wingu jeusi likionekana, kisha upepo wa ghafla wenye ubaridi ukavuma, wakati wa kurudi umefika. Msiendelee kutafuta ndege. Mtu aliyeketi kwenye mtumbwi katikati ya maji bapa ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na radi haichagui.

Sasa chombo. Mitumbwi ya hapa ni ya mbao, mirefu na myembamba, na uzuri wake ndio udhaifu wake: inapita kwenye mfereji ambao mashua pana isingeingia, lakini haipendi mtu anayesimama. Kwa kawaida abiria wawili au watatu wanatosha, pamoja na mwongozaji na mpiga kasia. Ukiambiwa nafasi ya wanne au watano ipo, angalia ukingo wa mtumbwi watu wote wakiwa wameshaketi: ukibaki chini ya shibiri moja juu ya maji, mmoja ashuke. Hakuna aibu katika hilo. Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa, na kuzidisha watu kulitajwa miongoni mwa sababu. Ziwa ni lilelile.

Kagua sakafu. Maji kidogo chini ya ubao wa kukalia ni jambo la kawaida. Maungio ya mbao hufunga vizuri zaidi mbao zikiwa zimelowa. Maji yanayoongezeka mkiwa bado mmefungwa kwenye gati si ya kawaida, maana yake kalafati, yaani kizibo cha maungio, imetoka mahali fulani. Pawepo kopo la kutolea maji ndani ya mtumbwi, si lililoachwa ufukweni, na kasia la akiba au upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia. Upondo una kazi yake maalumu: mafunjo mengi hapa hayakushika ardhi, yanaelea, na upepo ukibadilika kipande chake kinaweza kusogea na kuziba mfereji mliopitia. Kwa kasia peke yake mtahangaika. Kwa upondo, mpiga kasia anasukuma zulia pembeni na kupita. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei, vipande vya namna hii vilizurura kila mahali, na kimoja kilikuwa tayari kimezima umeme wa nchi nzima mwezi Aprili kilipokwama kwenye bwawa la Nalubaale.

Jaketi la kuokolea maisha lisiwe la kukalia. Livae ukiwa bado ufukweni, funga kila kifungo, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda likapita kidevu, ni kubwa mno kwako, na ukiwa majini litakutoka. Bonyeza sponji ya ndani: ikibaki imebonyea au ikitoa maji, jaketi hilo limekufa ingawa rangi yake bado inang'aa. Soma kibandiko cha uzito ndani ya kola. Kama una mtoto, uliza siku moja kabla kama kuna jaketi la watoto, kwa sababu la mtu mzima lililokazwa kwa kamba halimsaidii.

Kuhusu kasia na injini hatuna maneno ya katikati. Ndani ya mafunjo, injini ni huduma mbovu, hata kama nahodha ni mzuri. Mashina ya yungiyungi ni marefu na laini. Yanajizungusha kwenye panga, injini inapata moto, nahodha anaiinua na kuisafisha, anaendelea mita chache, inanasa tena. Kila anapofanya hivyo anachana bustani iliyokuwa makao ya samaki wachanga. Wimbi la nyuma linafanya madhara makubwa zaidi. Sile-maua, ndege yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea, hutaga juu ya lundo dogo la majani yaliyolowa, karibu sawa na uso wa maji. Dume ndiye anayeatamia na kulea. Wimbi la mashua moja iliyopita kwa kasi linatosha kuyaviringisha mayai yakaenda majini. Mtumbwi wa kasia unapita pembeni yake naye anakutazama tu.

Halafu kuna sauti. Kwenye mafunjo nusu ya uhai husikika kabla haujaonekana. Gonoleki wa mafunjo, mwenye tumbo jekundu, utosi wa manjano na mgongo mweusi, haishi nje ya mafunjo na mimea ya jirani yake. Dume na jike huitana na kuitikiana ndani ya vichaka vizito, na usipowasikia hutajua pa kuelekeza darubini. Injini inakunyima jambo hilo ulilolipia.

Tuje kwa bulwe mwenyewe. Ana urefu wa sentimita 110 hadi 140, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita 2.3, na domo lake pana lenye ncha iliyopinda lina takriban sentimita 20. Idadi ya waliokomaa duniani inakadiriwa kati ya 3,300 na 5,300. Hutaga mayai mawili kwa kawaida, na mara nyingi kifaranga mmoja tu ndiye anayefikia kuruka, kwa hiyo kila tago linalovurugwa ni hasara inayochukua miaka kulipwa. Anawinda kwa kusimama. Kamongo ana mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa. Bulwe anasubiri kwenye uwazi mdogo kati ya mimea mpaka kamongo apande, kisha anajiangusha mwili mzima, domo mbele. Anaweza kusimama muda mrefu bila kutikisika, na kosa moja linampotezea asubuhi nzima.

Ndiyo sababu umbali si suala la adabu tu. Tunasema msipungue mita 30, na zaidi kama yuko karibu na kiota. Lakini kipimo bora ni kichwa chake. Bulwe anayewinda ameinamisha domo, macho yanaangalia maji. Akiinua kichwa na kuugeuzia mtumbwi, mmeshamkatiza. Akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, au akinya huku ameelekeza kifua mbali nanyi, anajiandaa kuruka. Katika dalili ya kwanza, mpiga kasia asimamishe kasia ndani ya maji bila kulitoa, kwa sababu matone yanayodondoka kutoka kasia lililoinuliwa yanamshtua kuliko mtumbwi uliosimama. Subirini. Mara nyingi atarudisha kichwa chini. Asiporudisha, rudini nyuma polepole kwa njia mliyojia, si kwa kumzunguka.

Na ikiwa mitumbwi miwili iko pale tayari, wa tatu usiingie. Usubiri kwenye mfereji mpaka mmoja utoke. Mwongozaji mzuri atapendekeza hilo mwenyewe bila kuombwa. Ndiyo alama ya kwanza tunayotumia kumpima.

Shida ya ukaribu mara nyingi inaanzia kwa mgeni. Mgeni anasema "karibia kidogo", bakshishi inategemea picha, na mpiga kasia anasoma uso wa anayemlipa. Kigeuze kishawishi hicho kabla ya safari. Waambie wote wawili, mbele ya wenzao, kwamba bakshishi yao haitegemei picha ya karibu, na kwamba ndege akiruka kwa sababu yenu mtahesabu safari imeharibika. Wakiwa majini, "mpola mpola, ssebo", yaani "polepole, bwana" kwa Kiganda, inaeleweka na kila mtu. Mpe mpiga kasia chake mkononi mwake, kando na cha mwongozaji, kwa sababu kazi ya mikono ni yake na jina lake husahaulika.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya ili kusiwe na mzozo baadaye: bei ni ya mtumbwi mzima au ya kila mtu, ada ya mwongozaji imo au inalipwa kando, mtakaa majini kwa muda gani, na mvua ikiwarudisha njiani, mtarudi tena bila kulipa au la. Beba pesa taslimu za noti ndogo, hata kama unatumia pesa ya simu, maana mtandao pale hauna uhakika.

Msimu nao uuchague kwa unachotaka. Bulwe yupo mwaka mzima. Mbayuwayu buluu, ambaye yuko hatarini kutoweka, huzaliana kusini mwa Afrika na huja huku takriban Aprili hadi Septemba. Mdiria, yangeyange na furukombe hawana msimu. Utawaona hata siku ambayo kila kitu kingine kimejificha. Darubini ya 8x42 inafaa zaidi kuliko ya 10x, kwa sababu mtumbwi unatikisika na ukuzaji mkubwa unakuza mtikisiko pia. Kwa kamera, lenzi ya milimita 400 inakuondolea sababu ya kusogea. Simu peke yake haitakupa picha ya bulwe, na ni heri kulikubali hilo ukiwa nyumbani.

Mavazi: mikono mirefu, kofia yenye kamba, rangi zisizong'aa, viatu vya mpira. Viatu hivyo si vya tope tu. Kichocho kipo Ziwa Viktoria, na konokono wanaokibeba hukaa hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye mimea, yaani pale unapopandia na kushukia mtumbwi. Usiburuze mkono majini ukiwa umekaa. Ukilowa, jikaushe kwa taulo papo hapo, usisubiri jua. Kama ulizama hadi magotini, nenda ukapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Mapema zaidi kipimo cha choo kinaweza kukosa mayai ingawa minyoo imo. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi vizuri.

Chakula kiliwe ufukweni. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, likidondoka kwenye mafunjo halirudi. Upepo unalipeleka ndani ambako hata mtumbwi haufiki. Weka vitu vyote kwenye mfuko mmoja wa kitambaa wenye zipu, na uchafu wako uondoke nao hadi mjini.

Ukinunua samaki mwaloni, nunua kwa kipimo. Sato asipungue sentimita 28, sangara asipungue sentimita 50. Huo ndio urefu wa chini unaoruhusiwa Uganda. Kama huna rula, upande mrefu wa karatasi ya A4 ni sentimita 29.7: sato aliye mfupi kuliko karatasi kwa zaidi ya upana wa kidole muache. Mkeka wa mafunjo unaweza kununua bila wasiwasi. Mafunjo yaliyokatwa juu yakabaki na vikonyo chini ya maji huchipua tena. Yanayouawa ni yaliyochomwa wakati wa ukame, moto unapozama hadi kwenye mizizi iliyokauka, na yaliyofukiwa udongo kwa ajili ya kilimo. Anayetaka kuona ghuba inavyokuwa mafunjo yakipungua na jiji likaongezeka aende Ggaba, kwenye Ghuba ya Murchison, inakomwagika mifereji ya Kampala na inakosafishwa maji ya kunywa ya jiji hilohilo.

Huduma hii haimfai kila mtu. Hakuna kivuli, kiti ni ubao, na choo kiko ufukweni tu. Mwenye maumivu ya mgongo aombe mto au mtumbwi wenye egemeo, na aulize siku moja kabla. Watoto chini ya miaka sita hivi watachoka ndani ya saa ya kwanza, na mtoto aliyechoka husimama. Kundi kubwa ligawanywe katika mitumbwi kadhaa inayoondoka kwa tofauti ya nusu saa, kila mmoja kwa mfereji wake. Kwa mtu mmoja au wawili wenye subira, chukueni saa tatu badala ya mbili. Tofauti ya bei ni ndogo, na saa ya tatu ndiyo ambayo mpiga kasia hana tena sababu ya kuharakisha.